Jina Mtumwa

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Lakini hawakutuambia tufanye nini na jina ambalo mwenyewe hulificha hata mchana. Katika miaka yangu ya ualimu niliita majina ya watoto kila asubuhi, nikakutana na kina Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua na Sikudhani. Majina hayo hayamshtui mtu wa kwetu. Kila mmoja anafahamu kwamba mtoto wa kiafrika huzaliwa pamoja na habari zake, na kwamba mzazi asiyekuwa na kalamu huandika habari hizo katika jina la mwanawe. Ila lipo jina moja ambalo nililiandika katika daftari la mahudhurio mara moja tu katika maisha yangu yote ya kazi, nalo ni Mtumwa.

Jina hili ni adimu siku hizi. Unguja na Pemba bado lipo, na mara nyingi wenye kuitwa hivyo ni wanawake. Huku bara, kwa vijana wa leo, kumwita mtu Mtumwa ni sawa na kumtukana. Basi, msomaji, hebu tulitazame jina hili kwa utulivu, tujue limetoka wapi na kwa nini linatoweka.

Tuanze na lugha yenyewe. Mzizi wa neno hili ni kitenzi "tuma". Anayetumwa ni mtumwa, basi. Katika asili yake neno hili halina pingu wala soko ndani yake, bali lina safari na ujumbe. Kutokana na mzizi huo huo tumepata mtumishi, na tumepata neno tukufu kuliko yote, mtume. Mtume naye ni mtu aliyetumwa, kwa kuwa irabu "e" mwishoni mwa maneno kama hayo humwonyesha aliyetendewa jambo: mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Kwa hiyo mtume na mtumwa ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alitumwa na Mungu, akaheshimiwa. Mwingine alitumwa na binadamu mwenzake, akadharauliwa. Tofauti yao imo kwa yule anayetuma.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Abdallah ni jina la Kiarabu lenye maana ya mtumwa wa Mungu, na wanaume wenye jina hilo hutembea kifua mbele kuanzia Morocco hadi Indonesia. Mwanamke naye huitwa Amatullah, yaani mjakazi wa Mungu. Obadia wa katika Biblia maana yake ni mtumishi wa Mungu. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kwa hakimu kubadili jina kwa sababu ya aibu. Aibu ya jina Mtumwa, kwa hiyo, haikutokana na utumishi. Ilitokana na kukatwa nusu ya pili ya jina: mtumwa wa nani? Jina likikaa bila jibu la swali hilo, historia ya pwani yetu hulijibu yenyewe, na jibu lake si zuri.

Historia hiyo ina tarehe zake, na yafaa tuzikumbuke. Soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia sahihi. Mahali pale palijengwa kanisa kuu la Kianglikana, ambalo lipo hadi leo. Lakini kufunga soko si kumwacha mtu huru. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo ilimpasa mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na fidia akalipwa bwana, si yeye aliyefanyishwa kazi bure. Masuria hawakuguswa na amri ile hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya sheria ilikuja mwaka 1907. Tanganyika ilisubiri kuliko wote. Wajerumani walitangaza tu kwamba mtoto atakayezaliwa na wazazi watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 atakuwa huru. Wazazi wake walibaki walivyo. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922.

Mtumwa alipofika pwani, mara nyingi kitu cha kwanza alichonyang'anywa baada ya kwao ni jina lake. Alipewa jina jipya la kumpendeza aliyemnunua: Mabruki, Faraji, Baraka, Feruzi, Almasi, au siku aliyopatikana. Yule msafiri mashuhuri aliyewaongoza Burton, Speke na Stanley katika bara hili alizaliwa Uyao, akachukuliwa akiwa mtoto, akapelekwa India, na akarudi akiitwa Sidi Mubarak Bombay. Jina alilopewa na mama yake halimo katika vitabu hivyo vilivyomsifu. Majina ya namna hii leo ni majina ya kawaida, tena mazuri, na wengi wanayo wasijue yalikotoka. Jina Mtumwa halikuwa na bahati hiyo ya kusahauliwa, kwa kuwa lenyewe linasema wazi.

Mwenye jina hili aliyejulikana kuliko wote hakujulikana kwalo. Takriban mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto wa kike wa wazazi wenye asili ya utumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Walimwita Mtumwa. Soko lilikuwa limefungwa miaka saba kabla yake, na amri ya kuondoa utumwa ilimkuta akiwa msichana wa miaka kama kumi na saba. Alifinyanga vyungu, akavichukua kichwani hadi mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti yake. Baadaye alihamia mjini, akafundishwa muziki, akaanza kuimba taarabu kwa Kiswahili katika majumba ya wakubwa, waliokuwa wamezoea taarabu ya Kiarabu. Huko ndiko alikopata jina jipya, Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri, na santuri zile zikauzwa kwa maelfu katika Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza wino, alimwandikia wasifu.

Siti ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni bibi mkubwa, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti, basi, ni kutoka ngazi ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, na mwanamke mmoja aliipanda ngazi hiyo katika maisha yake mwenyewe. Jina hilo lilistawi. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Hakuna aliyefikiria kuliita Sauti ya Mtumwa, ingawa sauti ile ni ya mtoto yule yule wa Fumba.

Sasa nieleze kisa cha yule niliyemwandika mimi. Ilikuwa mwaka 1983, katika shule ya msingi niliyokuwa nikiiongoza pwani ya Tanganyika. Tulikuwa tukijaza fomu za mtihani wa darasa la saba, na kila mwalimu anajua uzito wa fomu zile: jina litakaloandikwa pale ndilo litakalotoka kwenye cheti, na mtu hulibeba hadi kaburini. Msichana mmoja mwenye akili nzuri alikuja ofisini akaniambia kwamba hatafanya mtihani kwa jina lake. Wenzake walikuwa wakimwita kwa kejeli wakati wa kuteka maji: "Mtumwa, tumwa!" Alikuwa amevumilia miaka saba. Aliniomba niandike jina lingine.

Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumpa jina mtoto wa mwenzake. Niliwaita wazazi. Alikuja baba, na nyuma yake bibi mzaa baba, mkongwe aliyevaa kanga zake mbili kwa nadhifu. Baba alikubali upesi. Alisema yeye mwenyewe hakulipenda jina lile. Bibi alikaa kimya hadi baba alipomaliza, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilizaliwa huru na mama yangu hakuwa huru. Nilikuwa binti mdogo nikichunga kuku siku alipoambiwa sasa hana bwana. Jina lake ndilo hilo. Mkilifuta, nani atajua kwamba alikuwapo?"

Baadaye nilipiga hesabu ya miaka, nikaona kwamba bibi yule hakusema neno la kupamba. Aliyezaliwa baada ya mwaka 1905 alikuwa huru mikononi mwa mama mtumwa, na mwaka 1922 alikuwa na umri wa kuyaona na kuyakumbuka. Sheria mbili zilizoandikwa mbali sana na hapa zilipita katikati ya mama na mwana, na alama pekee iliyobaki katika ukoo ule ilikuwa jina la msichana aliyesimama mbele yangu akilia.

Baba ndiye mwenye mtoto, nami nikaandika jina alilolitaka baba. Sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe yu hai na ana wajukuu. Bibi hakugombana na mtu. Aliinuka, akamshika mjukuu mkono, na wakiwa wanatoka nilimsikia akimwita kwa jina lile lile la zamani, naye akaitika, "Labeka, bibi."

Nimelifikiri jambo hilo miaka mingi. Wako watakaosema kwamba msichana alikimbia historia yake. Mimi sisemi hivyo. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kupewa mzigo wa karne nzima aubebe peke yake hadi kisimani, huku wengine wenye asili kama yake wakijificha nyuma ya majina ya starehe. Siti mwenyewe alibadili jina na hatumlaumu. Waliozaliwa karibu na mwaka 1961 wakaitwa Uhuru, kama yule aliyekuja kuwa Rais wa Kenya, walipewa jina la kuwanyoosha shingo, na hilo ni jema.

Lakini bibi naye alikuwa na haki. Watumwa hawakuacha majengo, hawakuacha mashamba, na wengi hawakuacha hata makaburi yanayojulikana. Waliacha majina, nayo majina hayo tunayafuta moja moja kwa nia njema kabisa. Kilichomuuma bibi hakikuwa herufi katika cheti. Alihofia kwamba likiondoka jina, hakuna mahali pengine mama yake alipoandikwa.

Basi nasaha yangu kwa aliye na jina kama hilo katika ukoo wake ni hii. Mtoto asilazimishwe kuitwa nalo. Apewe jina atakalosimama nalo mbele ya watu. Ila chukua daftari la kawaida, uwaendee wazee wako kabla jua halijatua, uandike: fulani aliitwa Mtumwa, alikuwa mama wa fulani, aliachwa huru mwaka fulani, na watoto wake ni sisi. Mistari minne yatosha. Wanawake hao walitumwa maisha yao yote na mabwana wasiowauliza rai. Sisi tunaowafuata ndio tuliofikiwa na ujumbe wao.