Bahati, Risasi na Kipandikizi: Historia Fupi ya Istilahi za Michezo ya Kompyuta

Kila kizazi huja na michezo yake, na kila mchezo mgeni huja na msamiati wake. Mpira wa miguu ulipoingia katika nchi zetu ulituletea refa, golikipa, penalti na kona. Baadhi ya maneno hayo yamebaki nasi kama yalivyo. Mengine yamepata wenzao: refa akaitwa mwamuzi, golikipa akaitwa mlinda mlango, na mchezaji aliyewatangulia walinzi kabla mpira haujapigwa akasemwa kuwa ameotea. Neno hili la mwisho halikutafsiriwa. Lilichukuliwa kwa mwindaji anayejificha akivizia mnyama, na likafaa kuliko tafsiri yoyote ambayo ingeweza kubuniwa mezani.

Katika makala haya twakusudia kuchunguza kundi moja la michezo ambalo majina yake bado hayajatulia, yaani michezo ya kompyuta ya kufyatua risasi, hasa ile ya zamani ambayo wapenzi wake wameigeuza ili watu kadhaa waicheze kwa kusaidiana, au ili mchezaji ajione amesimama ndani yake. Yamkini wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la watoto na halistahili kurasa za istilahi. Twaomba wasomaji wetu wavute subira, kwani jina lisilofaa laweza kuihamisha shughuli ya watu kutoka sheria moja hadi nyingine.

Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa sekondari katika kata ya Mpitimbi, Wilaya ya Songea, anataka kuanzisha klabu ya kompyuta baada ya saa za masomo. Nia yake ni kwamba wanafunzi wajifunze kuandika programu kwa kuufungua mchezo wa zamani ambao msimbo wake umetolewa bure, kisha waugeuze. Maelezo aliyo nayo ni ya Kiingereza, na barua ya kuomba kibali haina budi kuandikwa kwa Kiswahili. Anapolifikia neno 'gaming' anakumbuka kwamba ameliona likitafsiriwa katika nyaraka za Serikali, naye anaandika: "michezo ya kubahatisha".

Afisa anayeipokea barua hiyo hana njia. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo kwa Kiingereza inabeba neno hilohilo, ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mambo inayoyasimamia ni kasino, mashine za sloti, bahati nasibu na ubashiri wa matokeo. Hiyo ni michezo ya watu waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo mwalimu aliyetaka kufundisha hesabu na mantiki ameonekana, kwa kalamu yake mwenyewe, kuwa mtu anayeomba kibali cha kuwafundisha watoto kamari.

Kosa hapa si la mwalimu wala la afisa. Kiingereza kimeliacha neno moja libebe vitu viwili: kucheza kwa kompyuta, na kuweka fedha ukingoje bahati. Kiswahili hakina ufukara huo. Tangu zamani kimetenga kucheza na kucheza kamari, na kimetenga mchezo wa akili kama bao na mchezo wa bahati kama karata za fedha. Mfasiri anayetafsiri neno badala ya kitu huiazima kasoro ya lugha nyingine na kuipanda katika lugha iliyokuwa haina kasoro hiyo.

Michezo hii ilivyoanza na ilivyogeuzwa

Ili tukitaje kitu sawasawa, yafaa kwanza tukijue. Mnamo Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, ilitoa mchezo ulioitwa Doom. Mchezaji huyaona mambo kwa macho ya mhusika mwenyewe, bunduki ikiwa mbele yake. Wachezaji hadi wanne waliweza kuunganisha kompyuta zao, ama kushindana, ama kupita safari yote pamoja wakilindana. Jambo kubwa zaidi kwa makala haya ni kwamba ramani, picha na sauti za mchezo ziliwekwa katika mafaili yaliyotengwa na mtambo wa programu. Mtunzi mmojawapo, John Carmack, alitaka hivyo ili mtu mwingine aweze kuweka ramani na picha zake bila kuuharibu mchezo wa asili. Mwaka 1997 msimbo wa Doom ulitolewa hadharani, na mwaka 1999 ukafuata ule wa Quake, mchezo wa mwaka 1996.

Kuanzia hapo mchezo ukawa kama shamba linalolimwa na wengi. Mwaka 1998 kampuni ya Valve ilitoa Half-Life, mchezo ambao kisa chake kilitungwa kwa mchezaji mmoja peke yake. Haikupita muda, mwaka 1999, wapenzi wake wakatoa Sven Co-op, ambayo iliwawezesha watu kadhaa kuingia pamoja katika ulimwengu uliokuwa wa mtu mmoja. Mwaka huohuo Minh Le na Jess Cliffe waliigeuza Half-Life ikawa Counter-Strike, na mwaka 2000 kampuni yenyewe ikaiuza kama bidhaa kamili. Mgeuzaji akawa mtunzi.

Hatua ya pili ilikuwa ya macho. Mwaka 2012 Carmack huyohuyo aliwaonyesha watu, katika maonyesho ya Los Angeles, toleo la Doom 3 likichezwa kwa miwani ya majaribio iliyofunika macho na kufuata mwendo wa kichwa. Mchezaji akigeuza shingo, dunia ya mchezo nayo inageuka. Baadaye wapenzi waliichukua michezo ya zamani, mmoja baada ya mwingine, wakaitengenezea njia ya kuchezwa kwa miwani ya namna hiyo. Half-Life 2 ya mwaka 2004 ilipata mageuzi yake ya miwani mwaka 2022, miaka 18 baadaye, kwa kazi ya watu wa kujitolea.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya si ngeni kabisa. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, mchezo wa kufyatua risasi ambao uwanja wake ni jiji la Nairobi. Aidha, kanuni ile ya msimbo ulioachwa wazi ndiyo iliyokiwezesha Kiswahili kuingia mapema katika kompyuta: mwaka 2004, chini ya mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyogeuzwa izungumze Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walilifanyia jedwali na barua jambo lilelile ambalo vijana wa Half-Life waliufanyia mchezo.

Risasi isifichwe

Tuanze na jina la kundi zima. Wapo wanaopendekeza "michezo ya kulenga shabaha". Jina hilo lina adabu, lakini tayari lina mwenyewe: ni mchezo wa Olimpiki, ambao mtu hulenga ubao. Katika Doom hakuna ubao. Kuna viumbe wanaouawa. Istilahi haina kazi ya kupaka chokaa.

Na kama tumeitaja Songea, hatuwezi kulizungumzia neno risasi kana kwamba ni neno jepesi. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 watu waliikabili bunduki wakiamini kwamba maji ya dawa yangeigeuza risasi kuwa maji, na mwaka 1906 Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa na Wajerumani pamoja na wenzake. Mzazi wa Mpitimbi ana haki ya kujua mwanawe anacheza nini, na jina ndilo jambo la kwanza analoambiwa. Tunapendekeza basi "mchezo wa kufyatua risasi", na panapohitajika kutaja mtazamo, "wa nafsi ya kwanza". Nafsi ya kwanza ni istilahi ambayo kila mwalimu wa sarufi anayo, na maana yake hapa ni ileile: mimi ndiye ninayeona.

Wala kuigeuza silaha kuwa mchezo hakukuanza na kompyuta. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani na kusambaa bara hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliigiza gwaride na vyeo vya jeshi. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa madaha, si kwa damu. Mganda unaochezwa kandokando ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma na ng'ambo yake, ni wa ukoo huohuo. Wachezaji walilichukua gwaride la mtawala, wakaliacha umbo lake na kulitia roho nyingine.

Kipandikizi

Kitendo hicho cha kuliacha shina na kubadili tawi ndicho tunachokitafutia jina katika kompyuta. Kiingereza hukiita 'mod', kwa kufupisha neno refu lenye maana ya badiliko. "Rekebisho" halifai, maana hurekebishwa kilichoharibika, na Half-Life haikuwa imeharibika. "Kiraka" nacho huziba tundu, na ni heri kiachiwe kazi ya programu ndogo zinazosahihisha makosa. "Badiliko" ni pana mno.

Mabwana shamba wetu wana jibu. Mkulima akitaka miembe bora huchukua kikonyo cha mti mzuri na kukifunga juu ya shina la mche wenye mizizi imara. Kitendo hicho huitwa kubebesha au kupandikiza. Kikonyo huleta matunda mapya, lakini hakiwezi kuishi bila shina. Ndivyo ilivyo Sven Co-op mwanzoni mwake: bila Half-Life ndani ya kompyuta haikuchezeka. Kwa hiyo tunapendekeza "kipandikizi", wingi "vipandikizi", kitenzi "kupandikiza", na mtendaji "mpandikizaji". Twajua kwamba "pandikizi" husemwa pia juu ya mtu aliyepenyezwa kwa hila. Hata hivyo kiambishi ki- kinatosha kutenganisha kitu na mtu, na madaktari wamelitumia neno hili kwa viungo vya mwili bila kumtia mgonjwa shaka.

Kushirikiana na ushirika

Tatizo la tatu ni jina la kucheza kwa kusaidiana. Mfasiri wa haraka ataandika "mchezo wa ushirika". Katika Songea neno hilo limeshiba historia. Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya wakulima wa tumbaku na kahawa. Katika miaka ya 1960 vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kikiwamo Litowa, vililima na kugawana mapato pamoja, hadi chama hicho kilipovunjwa mwaka 1969. Ushirika katika masikio ya watu hawa una katiba, hisa, mkutano mkuu na mrajisi. Klabu ya "michezo ya ushirika" ingeweza kuulizwa hati yake ya kuandikishwa.

Lipo neno la kale "bia", lenye maana ya shirika katika kazi au mali, na kwa maana lingetosha. Lakini "mchezo wa bia" katika barua ya shule ungezua maswali magumu kuliko kamari. Tunapendekeza kitenzi chenyewe: "mchezo wa kushirikiana", ukikabiliwa na "mchezo wa kushindana". Kitenzi kinataja tendo, hakitaji chombo.

Uhalisia pepe

Istilahi ya miwani imekwisha kuzoeleka: "uhalisia pepe", kwa kufuata mfano wa "barua pepe". Walimu wa fasihi watalalamika kwamba uhalisia kwao ni mkondo wa uandishi unaoyaonyesha maisha kama yalivyo. Lalamiko hilo ni la haki, lakini halitoshi kuling'oa neno lililokwisha kushika mizizi. Kivumishi "pepe" kinafanya kazi ya kutosha kututahadharisha: tunachokiona kipo machoni, wala hakipo mkononi. Chombo chake kiitwe tu "miwani ya uhalisia pepe".

Sasa turudi kwa mwalimu wetu wa mfano. Barua yake ingesomeka hivi: "Naomba kibali cha klabu ya kompyuta. Wanafunzi watajifunza kuandika programu kwa kutengeneza kipandikizi cha mchezo wa zamani wa kufyatua risasi, ili uwe mchezo wa kushirikiana wa watu wanne. Hakuna fedha itakayochezewa." Afisa anaweza kukubali au kukataa. Anaweza kusema kwamba risasi haifai shuleni, na mwalimu akamjibu kwamba wapandikizaji wataziondoa bunduki na kuweka tochi. Huo utakuwa ubishi wa kweli juu ya kitu cha kweli, nao wote wawili watakuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja.