Mtangamano si Muungano

Mtangamano ni mchakato wa nchi mbili au zaidi kulegeza mipaka yao kwa makubaliano ya kisheria, ili watu, bidhaa, huduma na mitaji vipite, na baadhi ya maamuzi yafanywe kwa pamoja, huku kila nchi ikibaki na serikali yake. Waingereza huita dhana hii "integration". Neno limeshazoeleka katika hotuba na hati za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini likitoka Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, huchanganywa na maneno matatu yanayokaribiana nalo: ushirikiano, shirikisho na muungano. Msomaji wa Pemba ndiye anayepaswa kuyatenganisha kuliko wengi, kwani mambo yanayotajwa na maneno hayo yanamgusa yote kwa pamoja.

Asili ya neno mtangamano ni kitenzi tangamana, yaani watu kukaa pamoja na kuchanganyika. Kitenzi hiki kinafanana kwa umbo na shikamana, fungamana na andamana. Kutokana nacho tumepata nomino mbili. Utangamano hutumika zaidi kwa maelewano ya jamii ndani ya nchi moja, kama ilivyo katika jina la Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya. Mtangamano umeelekea zaidi kwenye uhusiano wa nchi na nchi. Mgawanyo huu unafaa kulindwa, maana unatuwezesha kujua mara moja kama mzungumzaji anasema juu ya makabila au juu ya mataifa.

Neno la Kiingereza limetoka kwenye Kilatini, integer, kitu kizima kisichopungua. Kwa asili hiyo, walio wengi hufanywa kitu kimoja. Kiswahili kimeshika njia nyingine: wanaotangamana hubaki wao, ila wanachanganyika. Naona kwamba neno letu linaieleza Jumuiya kwa usahihi zaidi, na tena linaiwekea kipimo. Watu wasipochanganyika, hakuna mtangamano, hata kama bendera zote zimepandishwa.

Sasa tuyatazame maneno hayo matatu. Ushirikiano ni kusaidiana katika jambo fulani bila lazima ya kuwa na chombo cha juu. Wizara ya Tanzania inayoshughulikia Jumuiya hujiita ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na jina hilo ni dogo kuliko kazi yenyewe. Muungano ni nchi kuwa dola moja. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipotia saini Hati za Muungano zilizoorodhesha mambo 11 ya pamoja, orodha ambayo baadaye ilirefuka. Shirikisho ni dola yenye serikali kuu na serikali za sehemu zake. Nyerere wa Tanganyika, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda walitangaza nia ya kuunda la Afrika Mashariki Juni 1963, lakini halikuzaliwa.

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 umeupanga mtangamano kwa hatua nne: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha na mwisho Shirikisho la Kisiasa. Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja likaanza Julai 2010, na Itifaki ya Umoja wa Fedha ikatiwa saini Novemba 2013. Kwa hiyo shirikisho ni hatua ya mwisho ya mtangamano, wala si jina lake jingine. Anayemwambia mvuvi wa Micheweni, Pemba, kwamba mtangamano unamaanisha kupoteza nchi yake ameruka hatua tatu.

Istilahi ya pili inayohitajika ni ya nchi inayobisha hodi. Napendekeza "nchi mwombaji" badala ya "nchi mgombea", kwa kuwa mgombea hushindana na wenzake, ilhali mwombaji hupimwa kwa vigezo. Ibara ya 3 ya Mkataba inavitaja: utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu, ukaribu wa kijiografia na uchumi wa soko, miongoni mwa vingine. Sudan iliomba 2011 ikakataliwa. Sudan Kusini ilikubaliwa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia, iliyoomba 2012, ilikubaliwa Novemba 2023. Sasa pwani ya Waswahili kutoka Barawa hadi Mtwara imo ndani ya Jumuiya moja.

Kazi ya kuwasukuma watunga sera wakubali, wakatae au waweke masharti kwa mwombaji, mashirika ya kiraia ya Tanzania huiita uchechemuzi wa sera. Wengine husema ushawishi na utetezi. Uchechemuzi una faida ya kuwa neno moja, tena halina harufu ya rushwa ambayo ushawishi huweza kuwa nayo.

Pemba inatufundisha nini kuhusu maneno haya? Kwanza, Zanzibar haiwezi kuwa nchi mwombaji, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, ililazimika kujitoa 1993. Pili, Wete na Mombasa zimo katika Umoja wa Forodha mmoja, lakini sheria ya Zanzibar inataka karafuu ziuzwe kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuzivusha kwenda Mombasa kwa njia za panya ni magendo. Mtangamano haufuti sheria za ndani wenyewe. Kila sheria hubadilishwa kwa mazungumzo yake.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kuna Wapemba wa Kenya. Hawa ni jamii ya wavuvi iliyohamia Kwale na Kilifi vizazi kadhaa vilivyopita. Kenya na Tanzania ziliasisi Jumuiya pamoja, zikafungua Soko la Pamoja pamoja, na miaka yote hiyo watu hawa waliishi bila uraia, bila kitambulisho cha kuwaruhusu kufungua akaunti ya benki. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi 2023. Nchi zilikuwa zimetangamana kwenye karatasi, na watu waliokwisha kutangamana kwa damu na kwa bahari wakaachwa nje.

Hapo ndipo uchechemuzi unapopaswa kuelekezwa. Kabla ya nchi mwombaji nyingine kupokewa, iulizwe pamoja na vigezo vya Ibara ya 3: je, watu wake waliomo tayari mwetu, na wetu waliomo mwake, wana vitambulisho, leseni na haki ya kufanya kazi? Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa Zanzibar, na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lipo. Taasisi hizi mbili zitoe kijitabu kifupi kinachotenganisha ushirikiano, mtangamano, shirikisho na muungano, kisomwe Chake Chake, Wete na Mkoani kabla mjumbe yeyote hajaja kuomba maoni. Mwananchi asiulizwe kuhusu jambo ambalo jina lake hajaelezwa.