Jinsi Bajeti ya Rio Grande do Sul Ilivyofunguliwa

Bajeti shirikishi ya Rio Grande do Sul, jimbo la kusini kabisa mwa Brazili, ilizaliwa mjini kabla haijapelekwa jimbo zima. Katika mji mkuu, Porto Alegre, muungano wa vyama vya wakazi ulianza kudai mwaka 1986 kwamba wananchi washiriki kupanga fedha za mji. Utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1964 ulikuwa umeondoka mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Taa za barabarani na lami bado zilitolewa kama fadhila, na mtaa usiokuwa na mkubwa wa kuusemea ulibaki na tope lake.

Olívio Dutra wa Chama cha Wafanyakazi aliingia ofisi ya meya Januari 1989. Watu wakaitwa kwenye mikutano ya bajeti, wakataja mahitaji yao, lakini karibu mapato yote ya mji yalikuwa yakiishia kwenye mishahara. Miradi haikuonekana, na mwaka wa pili mahudhurio yakapungua. Kilichouokoa mpango ni mapato: kodi ya majengo ilirekebishwa ili wenye mali kubwa walipe zaidi, na katiba ya 1988 ikaziongezea manispaa mgawo wao. Jambo hili husahaulika mno. Mkutano usio na fedha za kugawa huwachosha watu, na wakishachoka ni vigumu kuwarudisha.

Mji uligawanywa kanda 16. Wakazi walikutana katika kumbi za shule na za makanisa, wakajiandikisha mlangoni, na hesabu ya ahadi za mwaka uliopita ikatolewa kwanza, meya mwenyewe akiwa mbele yao. Ndipo wasemaji walipopokezana kipaza sauti, kila mmoja kwa dakika chache: huyu akiomba mfereji wa maji taka, yule zahanati. Walichagua wajumbe, wakapanga vipaumbele. Fedha ziligawanywa kwa vigezo vilivyojulikana na wote, yaani idadi ya watu, upungufu wa huduma na kipaumbele cha wakazi wenyewe. Kwa hiyo Restinga, eneo la pembezoni ambako familia za vibandani zilihamishiwa tangu miaka ya 1960, lilipata alama kwa sababu ya upungufu uleule uliokuwa umelidhoofisha. Mwishowe kilichapishwa kijitabu cha miradi yote iliyokubaliwa. Mkazi aliweza kukishika mkononi, kwenda hadi barabara iliyotajwa na kuona kama lami imefika. Pengine hakuna chombo kilichowapa wananchi nguvu kuliko kijitabu hicho.

Dutra alipokuwa gavana, Januari 1999, utaratibu huo ulipelekwa kwenye jimbo la watu takriban milioni 10 na manispaa karibu 500. Huku kazi ilikuwa nzito zaidi. Wapinzani walikuwa wengi katika bunge la jimbo, na mabaraza ya maendeleo ya kanda, yaliyoanzishwa mwaka 1994, yaliona nafasi yao inachukuliwa. Mwaka huohuo wa 1999 mahakama ilizuia fedha za serikali ya jimbo kutumika kuandaa mikutano. Hata hivyo mikutano iliendelea kwa kujitolea, na washiriki wakaongezeka kutoka karibu 190,000 mwaka 1999 hadi zaidi ya 370,000 mwaka 2001. Wakulima wa vijijini, ambao siasa za mji mkuu zilikuwa mbali nao, walileta madai ya kilimo na barabara. Lakini hazina ya jimbo ilikuwa na nakisi na madeni, hivyo miradi mingi iliyopigiwa kura ilichelewa.

Chama cha Wafanyakazi kilishindwa katika uchaguzi wa jimbo wa 2002. Gavana aliyefuata, Germano Rigotto, aliweka mahali pa bajeti shirikishi kura ya maoni ya wananchi: mpiga kura alichagua miradi kutoka kwenye orodha iliyokwisha kuandaliwa, bila ile mikutano mirefu ya kujadiliana. Mjini Porto Alegre mikutano iliendelea chini ya vyama vingine, ikasimamishwa mwaka 2017. Kanuni zake hazikuwahi kufanywa sheria, kwa kuwa washiriki walitaka kubaki na uhuru wa kuzirekebisha kila mwaka. Uhuru huohuo uliufanya utaratibu wote utegemee utashi wa aliyekuwa madarakani.