Kipimo ni Shahidi: Historia ya Usahihi katika Kazi ya Vyuma

Zamani katika pwani ya Afrika ya Mashariki nguo ilipimwa kwa shibiri na dhiraa, na kamba ya chombo ilipimwa kwa pima. Shibiri ni kiganja kilichokunjuliwa. Dhiraa ni tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Vipimo hivyo vilitosha katika biashara ya watu waliojuana, walakini vilikuwa na ila moja: mikono haikuumbwa sawasawa. Mnunuzi alitamani kupimiwa na mwenye mkono mrefu, na muuzaji hakuona vibaya kupima kwa mkono mfupi. Ila hiyo haikuwa ya pwani hii peke yake. Mafundi wa vyuma wa Ulaya walikuwa nayo hata karne ya 18, kwa maana usahihi wa kazi yao ulikaa katika jicho na vidole vya kila mmoja, na alipokufa fundi ulikufa naye. Historia ya viwanda ni, kwa sehemu kubwa, historia ya jinsi kipimo kilivyotolewa katika mwili wa mtu kikawekwa mahali ambapo watu wote waweza kukishuhudia.

Mfano wa kwanza ni wa James Watt. Mwaka 1765 Mskoti huyu alipata wazo la kupoza mvuke katika chombo kilichotengwa na silinda, ili injini isipoteze moto bure, na mwaka 1769 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Wazo lilikuwa sahihi lakini chuma hakikuwa sahihi. Hapakuwa na fundi aliyeweza kutengeneza silinda kubwa iliyo duara kweli tangu mdomo hata kitako. Mvuke ulipenya kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na Watt akahangaika kuziba nafasi hiyo kwa matambara, karatasi na hata kofia kuukuu. Kwa muda wa miaka karibu kumi wazo lilimngoja fundi.

Fundi huyo alikuwa John Wilkinson, mfua chuma wa Uingereza, ambaye mwaka 1774 alipata hati kwa njia yake ya kutoboa mizinga. Katika mitambo ya zamani kekee ndefu ilishikwa upande mmoja tu. Ncha yake ililegea kwa uzito wake yenyewe, ikafuata upotovu wa tundu lililoachwa na kalibu. Mwaka 1775 Wilkinson alitengeneza mtambo wa silinda ambao mtaimbo wake ulipita katikati ya silinda ukashikwa pande zote mbili, hata kisu hakikuwa na njia ila ile iliyonyoka. Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kwa furaha kwamba silinda ya inchi 50 waliyoiweka Tipton haikukosea mahali popote hata kwa unene wa shilingi ya zamani. Injini ya mvuke ikaanza kazi. Lakini yafaa msomaji aangalie jambo moja: Boulton alipotaka kuusifu usahihi ule alitaja sarafu iliyo mfukoni. Mtambo ulikuwa umekwisha kuutangulia ulimi, kwa kuwa kipimo cha kuusemea kilikuwa bado hakijapatikana.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa na shida ya namna nyingine. Kila bunduki ilikuwa na mtambo wa kufyatulia uliosuguliwa kwa tupa na fundi mmoja hata vipande vyake vikaelewana vyenyewe kwa vyenyewe. Kipande cha bunduki hii hakikuingia katika bunduki ile, na askari aliyevunjikiwa vitani alihitaji fundi, si kipande. Honoré Blanc alifanya vipande kwa violezo, ili kila kimoja kilingane na kiolezo chake badala ya kulingana na jirani yake. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Paris, aliletewa vipande vya mitambo 50 vilivyofumuliwa na kupangwa. Aliokota bila ya kuchagua, akaunga mitambo kadha kwa mikono yake mwenyewe, na vyote vikaingiana. Jefferson hakuwa mfua chuma, na hapo ndipo penye maana ya jambo lenyewe. Ujuzi uliokuwa katika mkono wa fundi ulikuwa umehamia katika kiolezo. Mpango wa Blanc haukudumu Ufaransa, lakini wazo lake lilivuka bahari, na katika miaka ya 1820 John Hall aliweza kufanya bunduki za namna hiyo katika kiwanda cha serikali cha Harpers Ferry, Marekani, akitumia mitambo na violezo vingi.

Uhamisho huo wa ujuzi haukuwa bila gharama. Huko Portsmouth jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kila mwaka kapi nyingi mno za kuvutia kamba za matanga. Mwanzoni mwa karne ya 19 Marc Isambard Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, alibuni mitambo ya kuzitengeneza, na Henry Maudslay akaiunda kwa chuma. Mitambo ilipokamilika, watu 10 wasio na ufundi walifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110, na katika mwaka 1808 kapi 130,000 zilitengenezwa. Hesabu hiyo husifiwa sana, na yastahili kusifiwa. Lakini aliyezoea kusoma hesabu kwa macho mawili ataona ndani yake watu 100 ambao ujuzi wao wa maisha uligeuka kuwa kitu kisichotakiwa na mtu. Usahihi mpya uliwapa wengi vitu bora kwa bei nafuu. Uliwanyang'anya wachache heshima yao. Hayo mawili yalitendeka pamoja, wala moja halifuti jingine.

Maudslay mwenyewe alikuwa fundi wa mkono asiye na kifani, tena ndiye aliyefanya mkono usitumainiwe peke yake. Kerezo lake la kukatia parafujo, lililotengenezwa kuelekea mwaka 1800, lilikishika kisu kwa chuma badala ya kukiacha kishikwe na mtu. Katika karakana yake alipita kijana Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1840 aliwaeleza wataalamu njia ya kupata bapa la kweli. Ukisugua vyuma viwili pamoja vitapatana, lakini huenda kimoja kikawa na bonde na kingine kikawa na kilima, na mapatano yao yakawa ya uongo. Basi chukua cha tatu. Vyuma vitatu haviwezi kupatana vyote, kila kimoja na kila mwenzake, ila vikiwa bapa kweli. Katika historia nzima ya kazi hii hakuna funzo lililo bora kuliko hilo: wawili waweza kukubaliana katika kosa, lakini shahidi wa tatu hulifichua.

Mwaka 1841 Whitworth aliyageukia meno ya parafujo. Kila karakana ilikuwa na meno yake, na bolti ya mji huu haikuijua nati ya mji ule. Alikusanya parafujo kutoka karakana nyingi, akachukua wastani wake, akapendekeza pembe moja ya digrii 55 kwa wote. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alionyesha mtambo uliopambanua tofauti ya sehemu 1 katika 1,000,000 ya inchi. Shilingi ya Boulton ilikuwa imesahauliwa.

Hata hivyo kiwanda hakiwezi kumpa kila fundi mtambo wa namna hiyo. Jambo hilo lilitatuliwa na Carl Edvard Johansson, fundi wa silaha wa Eskilstuna, Sweden. Mwaka 1896 alibuni seti ya vipande 102 vya chuma kigumu, vilivyolainishwa hata viwili vikibanwa pamoja vilishikamana bila ya gundi. Kwa kuviunga mafungu mafungu mtu alipata vipimo 20,000 hivi, kwa hatua ya sehemu 1 ya 100 ya milimita. Husimuliwa kwamba alivisugua nyumbani kwake kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza. Na kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto, ilipasa joto la kupimia nalo liafikiwe. Digrii 20 za Selsiasi ndizo zilizokubaliwa na mataifa. Inchi ya Uingereza na inchi ya Marekani zilikuwa zikitofautiana kidogo mno, na Johansson alikata shauri kufanya vipande vyake kwa inchi ya milimita 25.4 barabara. Mwaka 1959 nchi zilizotumia inchi zilipatana juu ya kipimo kile kile. Kipande cha fundi kiliwatangulia wanasheria.

Mwaka 1960 ulileta mambo mawili ambayo hayakuonekana kuwa ndugu. Tarehe 16 Mei Theodore Maiman, katika maabara huko Malibu, California, aliwasha leza ya kwanza kwa kijiti cha yakuti nyekundu. Katika mwezi wa Oktoba mataifa yaliacha kuitegemea fimbo ya metali iliyotunzwa karibu na Paris, yakaieleza mita kwa mawimbi ya mwanga wa gesi ya kriptoni. Na tangu mwaka 1983 mita yaelezwa kwa mwendo wa mwanga wenyewe. Hivyo mwanga ukawa kipimo na chombo cha kazi pamoja. Mwaka 1965 leza ilitumika Marekani kutoboa almasi za kuvutia waya, na mwaka 1967 huko Cambridge, Uingereza, ilikata bamba la chuma kwa msaada wa oksijeni. Kisu hiki hakigusi, kwa hiyo hakiwi butu. Lakini huleta moto, na moto hupinda chuma.

Kutoka kukata ikaja kujenga. Katika miaka ya 1980 Carl Deckard, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, alibuni namna ya kuunganisha unga kwa leza. Mwaka 1995 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Aachen, Ujerumani, walianza kuuyeyusha unga wa metali kabisa. Unga hutandazwa kwa tabaka nyembamba kuliko unywele. Leza huyeyusha mahali palipoagizwa. Tabaka nyingine hutandazwa juu, na kazi huendelea hivyo mara elfu nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki chaweza kuwa na njia za ndani ambazo hakuna kekee iwezayo kuzifikia. Katika injini ya ndege iitwayo LEAP, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2016, mdomo wa kunyunyizia mafuta uliokuwa ukiungwa kwa vipande 20 hivi umekuwa kitu kimoja, chepesi kwa robo.

Wako waliodhani kwamba ufundi huu umeifunga historia ya vipimo, kwa kuwa mchoro sasa hugeuka kuwa chuma bila ya mkono wa mtu. Ukweli ni kinyume. Silinda ya Wilkinson ilionyesha kosa lake waziwazi, na mvuke uliotoroka ulilitangaza. Kitu kilichochapwa kwa unga chaweza kuwa kizuri usoni na kuficha tumboni tundu dogo, au mvuto uliobaki wa moto uliopoa upesi, ambao siku moja utakipasua. Kwa hiyo hupigwa picha za eksirei, husuguliwa penye kugusana na vingine, na vipande vya unga ule ule huvutwa hata vikatike ili nguvu yake ijulikane. Mtambo umekuwa hodari zaidi, na haja ya shahidi imezidi pamoja nao.

Mwaka 2023 shirika la ndege la Tanzania lilipokea ndege ya Boeing 737 MAX 9, ambayo injini zake ni za jamii hiyo ya LEAP. Abiria apandaye Dar es Salaam hamjui aliyeusafisha unga wala aliyeitazama picha ya eksirei, naye hakupimiwa na mtu wa mkono mrefu wala wa mkono mfupi. Amejikabidhi kwa kipimo. Amana hiyo si ya leza. Ilianza kujengwa na watu waliokubali kazi yao ishuhudiwe na kitu kisichowapendelea, na italindwa na watakaokubali vivyo hivyo.