Msimamizi wa kihamba si mwenye kihamba

Ndugu msomaji, kila ifikapo Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa hadi milangoni. Husemwa kwamba Wachagga wanakwenda kula sikukuu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Baada ya kanisa, nyama na mbege hufuata kikao cha ukoo, na huko swali linalowatoa watu jasho mara nyingi ni moja: kihamba cha marehemu ni cha nani?

Nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Maneno niliyoyasikia kuliko yote ni haya: "Ndivyo mila yetu ilivyo." Na kwa kawaida aliyeyasema ni yule aliyekwisha kukishika kihamba chenyewe. Basi leo tuitazame mila hiyo kwa jicho la historia.

Kihamba ni zaidi ya shamba. Ndani yake mna nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini na makaburi ya wazee. Mpaka wake ni isale, mmea ule ule ambao Mchagga humpelekea aliyemkosea anapoomba radhi. Kwa desturi ya zamani, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa kihamba chake alipooa. Wa mwisho alibaki nyumbani akarithi kihamba cha baba. Wa katikati je? Hao walifyeka pori, au walimwendea Mangi wakaomba ardhi. Ardhi ilikuwapo.

Tena urithi ule ulikuja na mzigo. Wa kwanza alishika nafasi ya baba katika mambo ya ukoo. Wa mwisho alipewa nyumba kwa kuwa ndiye wa kumtunza mama hadi mwisho wa maisha yake. Mrithi akiwa mdogo, ndugu wa marehemu alikishika kihamba kwa niaba yake mpaka akue. Kwa lugha ya leo, huyo alikuwa mdhamini: alilima, lakini hakumiliki. Je, wote walikuwa waaminifu? La hasha! Baba mdogo wa kula mali ya yatima hakuanza jana. Lakini wanaukoo waliishi jirani, na walimwona.

Ikaja kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Kilema katika miaka ya 1890. Mwaka 1925 wakulima wenyewe waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Kahawa ilileta ada za shule na mabati. Lakini pia ardhi iliyokuwa ikiombwa ikawa na bei, watu wakaongezeka, pori likaisha. Mwana wa katikati akabaki na njia mbili: tambarare au mjini. Mtaalamu wa Marekani, Sally Falk Moore, alichapisha mwaka 1986 kitabu juu ya sheria za mila Kilimanjaro kuanzia mwaka 1880 hadi 1980. Alionyesha kwamba mambo mengi yanayoitwa mila ya kale yalikuwa yakibadilika miaka yote hiyo.

Yaani kanuni ilibaki ile ile, lakini matokeo yake yakageuka. Kumwachia wa mwisho nyumba wakati pori lipo si sawa na kumwachia wakati pori limekwisha.

Mwaka 1963 Serikali iliziandika sheria za mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, katika Tangazo Namba 436. Binti aliwekwa daraja la tatu la warithi. Ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia, si kuiuza. Mjane hakupewa fungu. Aliachwa atunzwe na watoto wake. Angalia hapo, ndugu msomaji. Haki ya mrithi iliandikwa kwa wino, lakini wajibu wake kwa mama uliachwa utegemee moyo wake.

Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kuwa mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikazikataa mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo, mwaka 2006 wajane wawili walipoiomba Mahakama Kuu ilifute Tangazo lile, mahakama ilikiri kuwa lina ubaguzi, lakini haikulifuta.

Kwa hiyo tusingoje. Mwenye kihamba aandike wosia akiwa na akili zake timamu. Kwa sheria za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Wosia wa mdomo unataka wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wazee walijua kwamba ukoo peke yake hautoshi kuwa shahidi wa mali yake.

Na wewe uliyeteuliwa msimamizi wa mirathi, barua ya mahakama si hati ya kumiliki. Mahakama ya Mwanzo inakutaka ndani ya miezi minne, isipokuongezea muda, upeleke orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Baada ya hapo unatoa hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa na kilichogawiwa. Mrithi naye, awe mjane, binti au kijana wa katikati, ana haki ya kuuliza. Kuuliza hesabu si utovu wa adabu.

Desemba hii, mbege ikishapita na mzee akisema ndivyo mila ilivyo, mwitikie kwa heshima. Kisha mwulize: "Na mila ya kumtunza mama, nayo ikoje?"

Tukutane juma lijalo.