Maumivu Ya Kiuno Kwa Wanawake: Tiba Ya Viungo Na Hukumu Zake

Himdi zote ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Kila mara baada ya darsa za akina mama hutujia suala hili kwa sura tafauti. Mmoja anauliza kama Swala yake ya kitini inasihi. Mwengine anasema ameandikiwa mazoezi hospitali, lakini mtaalamu ni mwanamme na mume wake hakuridhia. Wa tatu hakuuliza kitu. Tuliambiwa tu kwamba ameacha kuja darsani kwa sababu hawezi tena kukaa chini. Tumeona ni vyema kukusanya hapa yanayohitajika, ya tiba na ya kisharia, ili familia ziyasome pamoja.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume. Takriban asilimia 90 ya maumivu haya hayana ugonjwa maalumu unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Basi mama akipigwa picha na kuambiwa mifupa iko salama, haina maana kuwa anasingizia. Maumivu ni ya kweli, na mara nyingi hutokana na misuli, viungo na mishipa iliyochoka au iliyodhoofika.

Sababu zinazowahusu wanawake zaidi

1. Mimba. Uzito husogea mbele, na homoni hulegeza viungo vya nyonga vijitayarishe kwa uzazi. Qur-aan imetaja dhiki ya mama katika kubeba mimba, katika Suratu Luqmaan (31:14) na Suratul-Ahqaaf (46:15).

2. Baada ya kujifungua. Misuli ya tumbo na ya sakafu ya nyonga huwa imetanuka, na mama huanza mara moja kuinama kumnyanyua mtoto na kumnyonyesha akiwa amejikunja.

3. Kukatika kwa hedhi. Mifupa hupungua uimara na misuli hupungua nguvu.

4. Kazi. Katika visiwa vyetu mama huinama kufua kwenye beseni, kufagia kwa ufagio mfupi, na hukaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Walio pwani, kama Paje na Jambiani, huinama kwa saa nyingi maji yakitoka, wakifunga mwani kwenye kamba, kisha hubeba mwani uliorowa kupeleka nchi kavu. Kazi hizi ni za halali na zina heshima yake, lakini mgongo nao una haki yake.

Tiba ya viungo ni nini

Tiba ya viungo, inayojulikana pia kama fiziotherapia, ni matibabu yanayotumia mazoezi, mikono ya mtaalamu na mafunzo ya namna ya kutumia mwili. Mtaalamu humuuliza mgonjwa, hutazama anavyosimama, anavyoinama na anavyotembea, hupima nguvu za miguu, kisha humpangia mazoezi yanayomfaa yeye. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha tiba hii. Walio mbali, na walioko Pemba, waanzie kituo cha afya kilicho karibu nao na waulize wapi watapelekwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Disemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini umependekeza kumuelimisha mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kukandwa. Haukupendekeza mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine kuwa ni tiba ya kawaida. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaotumia fedha nyingi kununua mikanda, na mazoezi ambayo hayana gharama wanayaacha.

Mazoezi yanayotumika sana

Haya hufanywa juu ya mkeka au busati, taratibu, bila ya kujilazimisha:

- Kuinua nyonga. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Nyanyua nyonga, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10.
- Goti kifuani. Ukiwa chali, vuta goti moja kuelekea kifuani, hesabu hadi 20, kisha badilisha.
- Kupinda na kunyoosha mgongo. Kaa kwa magoti na viganja, panda mgongo juu kama paka, kisha uache ushuke. Mara 10.
- Sakafu ya nyonga. Kaza misuli kama anayezuia mkojo na upepo, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, mara tatu kwa siku. Linamfaa sana mama aliyejifungua.
- Kutembea. Anza dakika 10, ongeza hadi 30.

Maumivu kidogo ya misuli mwanzoni ni kawaida. Maumivu yakishuka mguuni au yakizidi siku ya pili, simamisha zoezi hilo na umuulize mtaalamu. Mja mzito asilale chali muda mrefu baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na aliyejifungua kwa operesheni asubiri ruhusa ya daktari. Matunda ya mazoezi huonekana baada ya wiki kadhaa. Wengi huacha wiki ya kwanza, kisha wakasema hayasaidii.

Ama kulala kitandani siku nyingi, hilo hudhoofisha misuli na kurefusha maumivu.

Kukandwa na desturi zetu

Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ndani ya arubaini ni desturi yenye raha na huruma, na joto hulegeza misuli. Lakini tunatahadharisha mambo matatu: maji yasiwe ya kuunguza, tumbo la mja mzito lisikandamizwe, na mtoto asiitwe kumkanyaga mama mgongo, jambo ambalo bado linafanyika majumbani. Hijama nayo ni katika matibabu yaliyothibiti katika Sunnah, na anayeifanya kwa mtu mjuzi hakatazwi, lakini isiwe sababu ya kuacha uchunguzi.

Dalili za kwenda hospitali haraka

- Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kuziba.
- Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani.
- Mguu kuishiwa nguvu.
- Homa, kukonda bila sababu, au jasho jingi usiku, kwani kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo.
- Maumivu baada ya kuanguka, hasa kwa bibi mtu mzima.
- Kwa mja mzito: maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, au damu.

Maumivu yanayoambatana na mkojo kuuma, uchafu usio wa kawaida au hedhi kali nayo yachunguzwe, kwani chanzo kinaweza kuwa figo au kizazi.

Hukumu zinazohusiana

Kwanza: Kujitibu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ameamrisha kutafuta dawa. Kuficha maumivu kwa kudhani kuwa ndiyo subira ni kutofahamu subira. Ayyuub ('alayhis-salaam) ni kigezo cha wenye kusubiri, naye alimuomba Mola wake amuondolee dhara.

Pili: Kutibiwa na mwanamme. Asili ni kutibiwa na mwanamke. Majma'ul-Fiqh ya Kiislamu katika kikao chake cha nane, Brunei, mwaka 1993, ilipanga hivi: mtaalamu mwanamke Muislamu, akikosekana, mwanamke asiye Muislamu anayeaminika, akikosekana, mwanamme Muislamu, kisha mwanamme asiye Muislamu. Sharti ni kuwa afunue na aguse kwa kadiri ya haja tu, na awepo mume, mahram au mwanamke anayeaminika. Basi mume anayeona ghera aulize kama yupo mtaalamu mwanamke, na akikosekana afuatane na mkewe. Kumzuia tu akabaki na maumivu si katika kuishi kwa wema.

Tatu: Swala. Mtume alimfundisha 'Imraan bin Huswayn, aliyekuwa na bawasiri, kuwa asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu (Al-Bukhaariy). Wanavyuoni wa Kishafi wamelieleza kutoweza huko kuwa ni mashaka makubwa, kama yanayoondosha khushuu, au khofu ya kuzidi maradhi. Mwenye uwezo wa kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame katika kisomo, arukuu kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akae na aashirie kwa sijda, akiinama zaidi kuliko rukuu. Asikae Swala nzima kwa sababu ya sijda tu. Siku akipata nafuu arejee alivyokuwa.

Nne: Funga. Mazoezi, kukandwa na mafuta ya kujipaka havibatilishi Swaumu.

Tano: Gharama. Wanavyuoni wengi wa zamani hawakuihesabu dawa katika nafaka ya lazima ya mke, na wengi wa zama hizi wameihesabu, kwa kuwa matibabu leo ni haja kama chakula. Tunaloliona sisi ni kuwa mume mwenye uwezo asingoje kudaiwa. Mgongo huo ndio uliobeba watoto wake.

Tunazinasihi familia zigawane kazi: vijana wachote maji na wabebe ndoo, meza ya kufulia inyanyuliwe, na mama apewe nusu saa yake ya mazoezi bila kuitwa. Na wewe dada uliyeacha kuja darsani, rudi. Kiti chako kipo.

Wa Allaahu A'lam.