Dago na Chombo Kidogo: Historia ya Kambi za Wavuvi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Dago ni kambi ya muda ambayo wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huipiga mbali na kwao, kwa siku chache au kwa msimu mzima, wakilala katika vibanda vya makuti au chini ya tanga lililogeuzwa hema, na wakivua, kupika na kukausha samaki mahali hapo hapo mpaka upepo ubadilike au samaki wapungue. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako visiwa vidogo, mafungu na miamba vimetapakaa kuanzia Songo Songo hadi ghuba ya Lindi, desturi hii ni kongwe, na haiwezi kuelezwa ipasavyo bila kukieleza chombo kidogo kinachofuatana na wavuvi, yaani mtumbwi au hori linalofungwa kwa kamba nyuma ya mashua au kupakiwa juu yake. Historia ya Kilwa imeandikwa zaidi kwa kufuata majahazi makubwa, dhahabu ya Sofala na misikiti ya masultani, na hapana ubaya katika hilo. Lakini mazoea hayo yamekiacha nyuma chombo ambacho, kwa karne nyingi, ndicho kilichoamua kambi ipigwe wapi, nani avue nini na mgeni akaribishwe kwa masharti gani.

Sababu ya kwanza iko katika bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani hii huweza kuzidi mita 3, hata fungu lililofunikwa alfajiri likawa mahali pa kutembea kwa miguu kabla ya adhuhuri, na mashua iliyotia nanga bila hesabu ikapwelewa na kulala ubavu juu ya matumbawe. Chombo chenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbavu zake, hakiwezi kuingia katika maji ya kimo cha goti, kwa hiyo huachwa nje ya mwamba au katika mlango wenye kina, na kazi yote ya ndani hufanywa kwa mtumbwi unaosukumwa kwa pondo au kupigwa kafi: kuteremsha vyungu na mapipa ya maji, kutega madema, kuwafikisha wavuaji wa pweza kwenye mwamba na kuwarudisha kabla maji hayajajaa. Kikundi kilichokwenda dago bila chombo kidogo kililazimika kupiga kambi penye bandari nzuri tu, na penye bandari nzuri aghalabu pana kijiji tayari, pana wenyewe na pana wavuvi wengi. Kikundi chenye hori kiliweza kukaa katika kisiwa kisicho na gati wala mtu.

Ushahidi wa kale juu ya vyombo vidogo katika pwani hii ni wa zamani kuliko mji wowote wa mawe unaojulikana. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho *Periplus*, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 baada ya Kristo na mfanyabiashara aliyejua biashara ya Bahari ya Shamu, kinakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu hubishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, na kueleza kwamba watu wake walikuwa na mashua za kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, wakiitumia kwa kuvua na kukamata kasa, na kwamba walitega matundu yaliyosukwa badala ya nyavu katika mianya ya miamba. Mvuvi yeyote wa Kilwa ataitambua mitego hiyo kuwa ni madema, na inafaa kutilia mkazo kwamba vitu hivi viwili, mtumbwi na dema, vimetajwa pamoja tangu mwanzo, kwa kuwa dema haliwezi kutegwa katikati ya mafungu pasipo chombo kinachoelea katika maji machache. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na Wareno walipouteka mji huo mwaka 1505, macho yao yalikuwa kwa sultani, kwa majengo na kwa biashara. Waliowalisha watu wa mji samaki hawakupata mwandishi.

Mtumbwi hauanzii pwani. Mti huangushwa shambani au msituni, na katika nyakati za karibu mara nyingi ni mwembe, kwa sababu una shina nene, hukubali tezo na unapatikana karibu na makazi ya watu. Fundi huuchonga hapo hapo ulipoanguka, kwanza kwa shoka kisha kwa tezo, akiufukua tumbo na kuacha kuta nene kuliko zitakavyokuwa mwishoni, kwa vile gogo zima ni zito mno kulikokota na gogo lililokwisha kukondeshwa hupasuka njiani. Ndipo linapofungwa kamba na kuvutwa juu ya magogo ya mviringo, watu wakiitikiana kwa wimbo ili nguvu zao zije kwa pamoja, magogo ya nyuma yakiokotwa na kupelekwa mbele, huku mwenye chombo akiwapikia wavutaji. Likifika ufukweni hukondeshwa, hutobolewa penye kuhitaji kutobolewa, nyufa huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaowazuia wadudu wa baharini wasitoboe ubao. Kwa njia hii nchi ya bara iliingia katika historia ya uvuvi. Vijiji vya bara ya Lindi kama Nyangamara, ambavyo havina bahari, viko katika eneo ambalo kwa muda mrefu liliteremsha miti na nafaka kuelekea pwani na kupokea chumvi na samaki wakavu, na dago lilitegemea pande zote mbili za mwendo huo: pasingekuwa na mlaji wa bara, kusingekuwa na haja ya kukausha samaki wengi kiasi kile.

Wageni kutoka Ulaya walilikabili suala hilo la chombo na nchi kavu kwa upande wa pili, wakiwa wao ndio waliotaka kukipeleka bara. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa mabegani, na wapagazi wa pwani wakaifikisha Ziwa Viktoria mwaka uliofuata. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walizichukua boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 12, wakazitoa Cape Town kwa reli hadi Katanga, kisha wakazipitisha katika milima ya Mitumba juu ya matela, yaani magari yasiyo na injini, yakikokotwa na mitambo ya mvuke na ng'ombe, mpaka zikaingia Ziwa Tanganyika mwezi wa Desemba na kuiteka meli ya Kijerumani Kingani. Safari hizi zimeandikiwa vitabu vingi. Lakini ziligharimu jasho la watu wengi, zikafanywa mara moja na hazikurudiwa, ilhali mvuvi wa Kilwa aliyekuwa akifungasha hori lake nyuma ya mashua alifanya hivyo kila msimu, baba na mwana, bila wapagazi na bila tela.

Ufungashaji huo nao una elimu yake. Hori likifungwa kwa kamba fupi, wimbi la nyuma hulisukuma likagonga tezi, ambayo ndiyo sehemu ya nyuma ya mashua, na mgongano mmoja tu waweza kuvunja ubao. Likifungwa kwa kamba ndefu mno huyumba kando na kuvuta usukani. Kwa hiyo kamba hupimwa kwa kadiri ya wimbi, hulegezwa upepo unapoongezeka na kufupishwa mashua inapoingia katika mlango wa miamba, na baharia mmoja hupewa jukumu la kuangalia nyuma ili hori lisijae maji, kwa maana hori lililojaa huwa kama nanga. Bahari ikichafuka sana, hori hutolewa vitu vyote, hupandishwa na kulazwa kifudifudi juu ya mashua. Ndiyo maana safari za kwenda dago zilipangwa kwa kufuata pepo. Kusi, upepo wa kusini unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huipiga pwani ya Kilwa kwa nguvu na kuvifanya visiwa vya nje kama Okuza na Nyuni kuwa vigumu kufikiwa na vyombo vidogo; kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, pamoja na majuma ya utulivu yanayouzunguka, ndio ulikuwa wakati mwafaka.

Ndani ya kambi, chombo kidogo kilihesabiwa katika mgao. Mapato yalipokwisha kutolewa gharama za chakula, yaligawanywa kwa mafungu: la chombo, la nyavu au mitego, na la mabaharia, kila mmoja sehemu yake. Aliyekuja na mtumbwi wake mwenyewe hakuwa sawa na aliyekuja na mikono mitupu, na kijana aliyetafuta kupanda daraja alianza kwa kuweka akiba ya kununua mtumbwi, si mashua. Samaki waliobaki baada ya kula walipasuliwa kupitia mgongoni, wakatiwa chumvi na kuanikwa juu ya majani au uchaga mpaka wakawa ng'onda, ambao huweza kukaa majuma mengi bila kuoza, au walibanikwa kwa moshi. Pweza walipigwa wakalainika kisha wakatundikwa juani. Tatizo kubwa la dago halikuwa samaki bali maji ya kunywa, kwa kuwa visiwa vingi vidogo havina kisima, na hori ndilo lililotumwa kila baada ya siku kadhaa kwenda kijiji cha karibu likiwa na mapipa matupu na samaki wa kubadilisha, likarudi na maji, unga na habari.

Safari hizo za maji ndizo zilizowafunga wageni na wenyeji, na hapa pana jambo lililofichika kwa watawala waliotoka nje. Dago halikuwa uhuru wa kukaa popote. Katika sehemu nyingi za pwani, kikundi kilichofika kilitakiwa kwanza kumwona mzee wa mahali, kujitambulisha kwa kijiji na nahodha wake, na kutoa ubani, yaani fedha au kitu kidogo cha kufanyia dua na tambiko ili bahari iwapokee. Baada ya hapo walielezwa mafungu yaliyo wazi na yasiyoguswa. Ubani ulikuwa mdogo kwa thamani, lakini ulikuwa sheria, kwani ulimfanya mgeni aweze kufukuzwa akikiuka na kusaidiwa akipatwa na tufani. Utawala wa kikoloni, uliotaka kila mtu awe na kijiji kimoja ambamo atahesabiwa na kulipa kodi, haukuwa na mahali pa kumweka mtu anayehamahama na chombo chake, na hata baada ya uhuru, operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ilitokana na wazo hilo hilo kwamba makazi halali ni yale ya kudumu.

Pigo lililoidhoofisha desturi hiyo zaidi lilitoka baharini kwenyewe. Uvuvi wa baruti ulioenea katika pwani ya kusini tangu miaka ya 1960, ingawa ulipigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, uliwafanya wenyeji wamtazame kila mgeni wa dago kwa shaka, na shaka hiyo haikuwa ya bure, kwani mlipuko mmoja huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Vijiji vya Lindi na Mtwara vilivyojiunga katika umoja wa Shirikisho miaka ya 1990 ili kupambana na baruti vilikuwa, kwa namna fulani, vikiidai tena haki ile ya kumkubali au kumkataa mgeni. Dola nayo ilijenga utaratibu wake: Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, iliyozaa hifadhi ya Mafia mwaka 1995 na ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma mwaka 2000, ilitenga maeneo wanamoruhusiwa wakazi pekee, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaimarisha utaratibu wa leseni, ambao chini yake vyombo vya chini ya mita 11 hupata leseni zao katika halmashauri. Mipaka ya halmashauri ilichorwa kwa hesabu ya nchi kavu, na mvuvi anayefuata upepo huivuka bila kuiona.

Leo boti ya faiba yenye injini na kasha la barafu huweza kwenda mwamba wa nje na kurudi siku hiyo hiyo, jambo linalopunguza haja ya kulala kambini. Kisiwa cha Fanjove, chenye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani, kina hoteli ya watalii, na Songo Songo, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, kina mitambo na ulinzi wake. Hata hivyo madago yangalipo, hasa ya pweza, na baadhi ya vijiji vya Kilwa na Mafia vimekuwa vikifunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza, ambaye hukua haraka, apate uzito, kisha vikaifungua wakati wa bamvua. Siku ya kufunguliwa, mashua hutia nanga nje ya fungu, hori hufunguliwa kamba, na nahodha mgeni hupiga kafi kwenda kwanza kwa viongozi wa kijiji kuomba ruhusa.